Washa moto kabla vifaranga hawajafika

Bechi yangu ya kwanza ilifika mwezi wa saba. Nilipigiwa simu saa tisa alasiri: "Kaka, boksi lako limeshuka, njoo stendi." Nikateremka mbio hadi Moshi mjini, nikapandisha na vifaranga mia moja hadi Kibosho, na ndipo nikaanza kutafuta mkaa. Asubuhi nilikuta thelathini na mmoja wamekufa, wamelaliana kwenye kona ya stoo kama viazi vilivyomwagwa.

Mama mkwe alikuja kuangalia. Hakunilaumu. Aliinama, akabandika kiganja kwenye saruji, akaniuliza, "Baba, wewe ungelala hapa?"

Jiko lilikuwa linawaka, tena vizuri tu. Ila sakafu ilikuwa barafu. Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini tu yasiyozuia baridi, na tumbo lake liko sentimita chache kutoka chini. Mwezi wa saba huku mlimani, ukungu ukishuka, si sawa na joto la mjini. Kwa hiyo siku hizi jiko linawaka tangu jana yake, na sipokei boksi mpaka maranda yenyewe yawe na uvuguvugu nikiyashika.

Bruda yangu, yaani uzio wa kulelea vifaranga kwenye joto, haina gharama kubwa. Hadibodi moja na nusu, za futi nane kwa nne, nimezipasua kwa urefu zikatoka vipande vitatu vya futi mbili kwenda juu. Nikivizungusha na kuvifunga kwa waya napata duara lenye upana wa kama mita 2 na kidogo, linalotosha mia moja bila kubanana. Liwe duara. Kona ndiyo iliyoniulia wale thelathini na mmoja: wakiona baridi wanasukumana humo, wa chini wanakosa pumzi.

Chini namwaga maranda makavu unene wa vidole vinne, yale ya fundi seremala, si unga wa mbao maana wanaudonoa. Pumba za mpunga kutoka Chekereni nazo zinafaa. Juu yake natandika magazeti siku mbili tatu za mwanzo ili wakitambue chakula.

Moto ni mkaa, kwa kuwa umeme ukikatika saa nane usiku taa haikusaidii kitu. Jiko naliwasha nje mpaka moshi uishe, nalizungushia matofali, na dirisha la juu naliacha wazi kidogo. Usizibe chumba chote kwa kuogopa baridi. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na itakumaliza na wewe uliyelala pembeni.

Kipimajoto kisome nyuzi 33 hadi 35 wiki ya kwanza, kikiwa usawa wa mgongo wa kifaranga, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Lakini mimi nawaamini zaidi wenyewe. Wakirundikana karibu na jiko na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi, mabawa yameachia, wanaungua. Wakijazana upande mmoja tu, tafuta upepo unaingilia wapi. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala kifudifudi kama mlevi, nenda kalale na wewe.

Wakishuka kwenye boksi wape maji kwanza, yawe ya vuguvugu. Mimi huyatia glukosi kidogo. Namchovya mdomo mmoja mmoja wale wa mwanzo, wengine wanaiga. Chakula kinafuata baada ya saa moja au mbili. Usiku huohuo nawashika kumi hivi: gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, lijae na liwe laini, na miguu naigusisha shavuni. Ikiwa ya baridi, naongeza mkaa.

Chanjo fuata ratiba ya mtaalamu wa mifugo wa kata yako; magonjwa ya kideri na gumboro hayana mzaha.

Bechi ya pili nilipoteza wanne. Usiku wa kwanza nililala humohumo kwenye godoro, nikiamka kila saa mbili kuongeza mkaa. Mama mkwe alikuja alfajiri na chupa ya chai, akapitisha mkono juu ya hadibodi na kugusa maranda, kisha akanimiminia kikombe.