Kamba ya mbwa shambani: uishike lini, uiachie lini?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mi niko Derbyshire, Uingereza, na watoto walinisumbua mpaka tukachukua mbwa, spanieli. Wikendi tunapita njia za miguu zinazokatiza mashamba ya watu halafu zinaingia msituni. Jumapili iliyopita alikuwa hana kamba, kaona kondoo kawatimua, nikamwita akarudi na hakumuuma hata mmoja, lakini mwenye shamba alikuja juu, eti angeweza kumpiga risasi. Kweli anaruhusiwa? Kwetu Moshi mbwa alikuwa anashinda na mbuzi na hamna shida.

JIBU: Dada yangu, pole kwa mshtuko, ila huyo mfugaji ana haki ya kukasirika. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa tu, hata asipoguswa, anaweza kuharibu mimba au akafa kwa hofu. Mbwa wenu wa Moshi alikua na wale mbuzi anawajua, huyu wa kwako kondoo kwake ni kitu cha kukimbiza. Sheria ya huko ya mwaka 1953 inasema mbwa akiwa ndani ya shamba lenye kondoo bila kamba na wala humdhibiti kwa karibu, hilo tayari ni kosa, na kuna mazingira ambayo mwenye mifugo akimpiga risasi sheria inamlinda. Kwa hiyo ukiona kondoo, hata wako mbali kule kwenye kona, funga kamba kabla hujafungua geti, usisubiri umeshaingia.

Sasa ng'ombe ni kinyume kabisa na hapa ndo watu wanaumia. Ng'ombe mwenye ndama hana shida na wewe, anamtaka mbwa. Ukiona wamenyanyua vichwa wote wanakutazama afu wanaanza kusogea kwa pamoja, pita mbali nao, tafuta njia nyingine ukiweza, na usipite katikati ya mama na ndama wake. Wakikujia kwa kasi ACHIA KAMBA. Najua roho itauma, lakini mbwa ana mbio kuliko wao atatoka, wewe ukiendelea kumshika watakukanyaga nyote wawili. Toka taratibu kuelekea getini, usikimbie.

Kwenye njia ya miguu ya kawaida isiyo na mifugo sheria haikulazimishi kamba kila mahali, bora awe karibu na anasikia akiitwa. Ila ukipanda kule juu Peak District kwenye maeneo ya wazi ambayo watu wanaruhusiwa kutembea hata nje ya njia, kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai kamba ni lazima na isizidi mita 2, maana kuna ndege wanataga chini kwenye nyasi na mama akishtushwa akaruka mayai yanapoa.

Kinyesi okota, na kile kimfuko usikitundike kwenye mti jamani, nenda nacho mpaka kwenye pipa. Kinyesi cha mbwa kinaweza kubeba vimelea vinavyofanya ng'ombe waharibu mimba.

Mkitoka msituni mkague kupe: masikioni, kwapani, katikati ya vidole, na watoto pia. Kupe mtoe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi bila kumminya tumbo, na mtoto akitokea duara jekundu linalotanuka, muone daktari, huenda ni ugonjwa wa Lyme.

Na mbwa akiwa nje awe na kola yenye jina lako na anwani, hiyo nayo ni sheria.