Kubadilisha mabomba chini ya sinki dabo, kwa sisi wa nchi ya baridi

Sinki dabo likianza kuziba linajitangaza lenyewe: unamwaga maji upande wa kulia, yanaibukia upande wa kushoto na mabaki ya maharage juu yake. Hapo wengi wetu Mbeya tunachemsha birika na kumimina. Acha. Maji yanayochemka yanalegeza plastiki ya bomba (PVC) na maungio yake, halafu mafuta yakiyeyuka pale karibu yanakwenda kuganda mbele zaidi, ndani ya ukuta, ambako mkono haufiki.

Juni na Julai ndiyo balaa. Hapa Uyole mafuta ya mchuzi yanaganda kwenye sahani kabla hujamaliza kula, sembuse kwenye bomba lililopita ukuta wa nje. Ongeza udongo wa viazi vya Umalila na punje za wali wa Kyela, umeshapata zege.

Nilipochoka kuzibua niliamua kubadilisha kila kitu kuanzia weste, yaani tundu la sinki la kutolea maji, hadi ukutani. Aliyetangulia alikuwa amefunga yale mabomba ya plastiki yenye mikunjo, yanayovutika. Ukienda Mwanjelwa kuulizia bomba la sinki, mara nyingi ndilo unaloonyeshwa kwanza. "Mama, chukua hili, halina haja ya kupima," kijana wa dukani aliniambia. Kweli halina, ndiyo maana mafundi wanalipenda. Ila kila mkunjo ni mahali pa mafuta kukaa. La zamani nilipolichana kwa kisu, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupitisha kidole cha mwisho tu. Rangi ya kilichokuwemo siisemi, kuna watu wanakula.

Nunua bomba nyoofu la PVC la inchi moja na nusu, laini ndani, na elbo (viungio vya kona) chache kadiri uwezavyo.

Trapu, kile kipande chini ya sinki kinachobaki na maji, ni moja kwa bakuli zote mbili. Kuna nyumba utakuta kila bakuli lina trapu yake, na nyingine tena imefungwa kabla ya ukuta, eti kwa usalama zaidi. Hewa inanaswa katikati, maji yanashuka kwa kusuasua huku yanaguguma. Trapu inabakiza maji kidogo ili harufu ya shimo isipande jikoni, na kwa hilo moja inatosha. Weste mbili ziunganishwe kwa tii (kiungio cha njia tatu), ndipo zishuke pamoja. Botoltrapu, ile yenye umbo la chupa, inafaa kabati likiwa dogo, lakini inajaa uchafu haraka. Mimi nilichukua ile ya kupinda, yenye nati za kufungua kwa mkono.

Kwenye hizo nati jiandae kubishana.

"Fundi, hapo usitie gundi."

"Litavuja, mama."

Halitavuja kwa kukosa gundi. Linavuja rabawasha, ile pete ya raba ndani ya nati, ikigeuzwa. Upande wake uliochongoka uingie ndani ya kiungio, upande bapa ukae kwenye nati. Kaza kwa mkono mpaka ugome, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Nati ya plastiki ikikazwa kwa hasira inapasuka. Tepu nyeupe nayo haina kazi hapo, kwa sababu kinachozuia maji ni raba wala si uzi wa nati. Trapu ikishagundishwa, siku ya kuziba utaikata kwa msumeno na kununua nyingine. Gundi ianze baada ya trapu kwenda ukutani.

Kabla ya gundi, panga vyote vikavu. Kutoka kwenye trapu kwenda ukutani bomba lishuke sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita. Kama tundu la ukutani liko juu kuliko pa kutokea trapu, hakuna elbo itakayokuokoa. Toboa tundu jipya chini yake, hata kama vigae vinakuuma. Kisha weka alama kwa kalamu pale kila kipande kinapoishia, kata kwa msumeno wa chuma, na ukwangue nyuzi za plastiki zinazobaki ndani ya mkato. Wengi wanaziacha, na ndizo zinazokamata punje ya kwanza ya wali. Gundi ipakwe pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha kidogo, shikilia nusu dakika.

Kujaribu kwa kufungulia koki hakutoshi. Ziba bakuli zote mbili, jaza mpaka juu, fungua kwa mpigo mmoja, maana hapo ndipo bomba linapobeba mzigo wake wote. Kabla ya kufungua, zungushia kila nati karatasi kavu ya chooni. Tone ambalo jicho halilioni, karatasi inalionyesha. Mpe fundi chai wakati mnasubiri, na hela iliyobaki itoke ukishazigusa karatasi zote mwenyewe.