Barua kwa Kocha: Makopo ya zege, mkanda wa jasho na mshauri asiyeombwa

Barua za mwezi huu nazijibu kwenye baridi ya Julai hapa Mbeya, ile ambayo ukishika chuma alfajiri unatamani kukiachia papo hapo. Pasheni misuli mara mbili ya kawaida, ndipo tuendelee.

*Shikamoo Kocha. Nina miaka 24, nafanya kazi za mbao hapa Mafinga. Nimejitengenezea chuma: bomba la maji na makopo mawili ya rangi ya lita nne, nimeyajaza zege. Nikipiga dedilifti, yaani kukinyanyua kutoka chini mpaka nisimame wima, mgongo wa chini unaanza kuuma seti ya pili. Cha ajabu, kazini nabeba mbao siku nzima na siumwi. Rafiki yangu anasema ninunue mkanda wa kiunoni. Ninunue?*
*Mtu wa Mbao, Mafinga*

Marahaba, kijana wangu. Mkanda uache dukani kwanza, tupige hesabu. Lita moja ya zege ina kilo 2.4 hivi, kwa hiyo kopo lako moja ni kilo tisa na nusu. Mawili pamoja na bomba, hufiki hata kilo 25. Mtu anayeshinda na mbao begani hawezi kuumizwa na kilo 25, kwa hiyo tutafute mchawi mwingine.

Mchawi ni kimo. Pleti kubwa za mashindano, yale magurudumu ya uzito ya pembeni, zina kipenyo cha sentimita 45, ndiyo maana chuma kikitulia sakafuni kinakaa sentimita 22.5 juu, usawa wa muundi. Kopo la rangi la lita nne, sado tunayopimia mahindi sokoni, lina kipenyo cha sentimita 17 au 18. Maana yake bomba lako liko sentimita tisa tu kutoka chini. Hapo unaokota sarafu, hunyanyui chuma! Nyonga zikishafika mwisho wa kukunjika na mkono bado haujafika, kinachobaki kupinda ni mgongo.

Dawa unaikanyaga kila siku kazini. Chukua mabaki ya mbao ya inchi mbili, panga matatu matatu chini ya kila kopo, bomba litapanda mpaka sentimita 24 hivi. Simama, bomba liwe juu ya pale unapofungia kamba za viatu, si mbele ya vidole. Rudisha makalio nyuma kama mtu mwenye ndoo mikono yote miwili anavyosukuma mlango. Bana kwapa kama umeficha bahasha ya mshahara. Vuta pumzi ishuke tumboni, izuie, kisha isukume ardhi kwa miguu. Bomba lipande likikugusa mapaja. Pumzi uitoe ukishasimama.

Mimi kabla ya kuwa kocha nilikuwa kuli, napakia viazi pale Uyole, tena lumbesa, si gunia la kistaarabu. Kuli mzoefu humwoni akiling'oa gunia chini peke yake. Anatwikwa: wawili wananyanyua, yeye anaingia chini yake akiwa amenyooka. Nilipokuwa na miaka 23 nilitaka kuwaonyesha wenzangu kwamba mimi ni mimi, nikalikumbatia gunia peke yangu. Wiki tatu nilivaa kandambili kwa sababu sikuweza kuinama kufunga viatu. Mbao zako hazikuumizi kwa sababu hiyo hiyo: unazipokea begani.

Mengine mawili. Yapeleke makopo kwenye mizani ya duka. Zege lililomwagwa kwa macho halilingani, upande mmoja unaweza kuzidi kwa kilo nzima na mwili wako ukajifunza kupinda. Na pumzika dedilifti mpaka maumivu yaishe. Yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, au mkojo ukaanza kusumbua, usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Mwaghona Kocha. Nilijifungua mtoto wa pili mwaka jana, tumbo halijarudi. Jirani yangu mwenye saluni ananiuzia mkanda wa jasho na chai ya kupunguza tumbo ya siku 28. Yeye mwenyewe katoa kilo tatu kwa wiki moja, na mizani nimeiona kwa macho yangu. Bado naogopa. Na bado nanyonyesha.*
*Mama Wawili, Tukuyu*

Mwaghona, mama. Mizani haikudanganya, ila hakuna aliyeiuliza kilichotoka ni nini. Mkanda ule unatoa jasho, na jasho ni maji. Jipime, kunywa nusu lita ya maji, jipime tena: umeongezeka nusu kilo, na hakuna atakayesema umenenepa kwa dakika moja. Mafuta ya tumboni hayachomwi kwa kufungiwa nailoni. Mwili ndio unaochagua utoe wapi kwanza, nasi hatuna kura.

Chai ndiyo inayonitisha. Nyingi za aina hiyo zina sanamaki, dawa ya kuharisha ambayo bibi zetu walimpa mtu aliyefunga choo, siku moja, basi. Ukiinywa siku 28 unapoteza maji na chumvi ambazo moyo na misuli vinazitegemea. Na unanyonyesha! Usinywe kitu chochote cha paketi ambacho kliniki haijakiona. Halafu mama, uko Tukuyu, chai imekuzunguka pande zote mpaka milimani, unamlipa mtu akuletee nyingine ya kukuharisha?

Fanya hivi. Lala chali, kunja magoti, nyanyua kichwa kidogo, pitisha vidole katikati ya tumbo juu ya kitovu. Vikizama vidole viwili au zaidi, misuli ya tumbo iliachana wakati wa ujauzito na bado haijakaribiana. Hutokea sana, si aibu. Mwulize mkunga akuelekeze kwa mtu wa fiziotherapia, na zile za kulala na kuinuka ziache kwa sasa. Ukiruhusiwa, kumbatia sado ya mahindi kifuani, kama kilo tatu hivi, keti kwenye kigoda na usimame mara kumi, upumzike, urudie. Wiki ijayo ongeza kidogo. Andika kwenye daftari. Jirani usigombane naye, mwambie tu kocha ni mbishi.

*Kamwene Kocha. Nafanya mazoezi jimu moja hapa mjini, jioni mara nyingi mwanamke ni mimi tu. Kuna kaka kila nikishuka kwenye skwati, nikichuchumaa na chuma mabegani, anakuja nyuma kunielekeza, juzi kanishika kiuno. Mwingine anaacha pleti zake zote kwenye chuma. Nikisema, naambiwa naringa. Nihame?*
*Binti wa Gangilonga, Iringa*

Kamwene, binti yangu. Mtaa wako umepewa jina la jiwe linaloongea, na wewe ongea. Kukushika kiuno bila ruhusa si ushauri wa mazoezi, na usikubali kuitiwa hivyo. Mwambie kwa sauti ambayo jimu nzima inasikia: "Kaka, nikihitaji msaada nitaomba." Kisha nenda kwa mwenye jimu, usimwombe, mweleze. Akicheka, ndiyo, hama, na ada yako uende nayo.

Mtu akiwa chini ya chuma haongeleshwi, labda kama chuma kinamwangukia. Hili nimelijua kwa kosa langu. Niliwahi kumpigia kelele kijana "magoti nje!" akiwa na kilo 80 shingoni. Akageuka kunitazama. Tulimdaka watu wawili. Siku hizi nangoja chuma kirudi kwenye stendi, halafu nauliza: naruhusiwa kusema kitu? Wengine husema hapana, nami narudi kwenye kiti changu.

Huyo wa pleti mwambie hivi: chuma kitupu cha mashindano ya Olimpiki ni kilo 20 kwa wanaume, 15 kwa wanawake. Anayekuja nyuma yake akivua upande mmoja wote huku mwingine umebaki na pleti mbili za kilo 20, chuma kitapinduka kimpige aliye jirani. Kila mtu avue alichovalisha, moja kushoto, moja kulia.

*Wengine saba, kutoka Makambako mpaka Vwawa, mnauliza unga wa protini.*

Ni chakula, mara nyingi maziwa yaliyokaushwa kwa namna fulani. Si dawa wala si uchawi. Anayenyanyua vyuma akipata gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake anatosheka; mwenye kilo 70 ni gramu 112. Yai moja lina sita hivi. Gramu 100 za maharage makavu, zaidi ya 20. Dagaa wa Kyela sijawataja. Ukishindwa kufikia huko kwa sahani na una hela ya ziada, nunua unga. Kriatini, unga mwingine wa kuipa misuli nguvu, gramu tatu hadi tano kwa siku, hiyo imechunguzwa sana na inasaidia kidogo kweli. Mwenye ugonjwa wa figo amuone daktari kwanza. Vidonge vya "kuchoma mafuta" msiniulize tena. Aliyeniletea kopo lake wiki iliyopita nilimrudishia likiwa limefungwa. Angeniachia tupu ningelijaza zege.