Maswali ya wasomaji: Nitoe feni ya injini niweke ya umeme?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Land Rover 110 pikapu, injini 300Tdi ya mwaka 1996, nabeba dagaa toka Mwaloni pale Kirumba napeleka Misungwi, saa zingine mpaka Shinyanga. Shida yake inachemsha. Nikikaa foleni ya Mkuyuni mpaka Buhongwa mshale wa joto unapanda karibu uguse nyekundu, nikishapita Usagara barabara ikifunguka unashuka wenyewe kama hakuna kitu. Maji naongeza kama nusu lita kila baada ya siku mbili. Fundi wangu anasema ile feni ya injini imechoka tuitoe tuweke ya umeme, mtumba wa gari ndogo, na swichi kwenye dashibodi niwe nawasha mwenyewe. Mwingine anasema nitoe themostati (kile kivali kinachofungua njia ya maji yakipata moto) tu itapoa. Nimsikilize nani? – Msomaji, Buhongwa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Fundi wako wa kwanza yuko karibu na ukweli ila ile swichi yake siitaki, wa pili achana nae kabisa.

Feni kazi yake ni pale gari haitembei au inatembea polepole. Ukishafika spidi 50 au 60 upepo wa mbele unatosha, hata feni isipozunguka gari haijali. Kwaiyo gari inayopanda moto kwenye foleni na kupoa ikishika lami, hiyo upepo haupiti vizuri kwenye rejeta, ama feni imekufa ama rejeta imezibwa kwa nje. Ingekuwa inachemsha ukiwa spidi 80 na mzigo ningekwambia rejeta imeziba kwa ndani au wota pampu imechoka, na hapo hata uweke feni tatu unapoteza hela.

Sasa kabla hujanunua chochote, zima injini, iache ipoe, alafu izungushe feni kwa mkono. Ile klachi yake, kile kidude cha katikati kinachoishika feni, ina mafuta mazito ndani, inatakiwa iwe na ugumu kidogo. Ikizunguka kama pangaboi ukiiachia, imekufa. Ikigoma kabisa imekamata, inakula nguvu na dizeli bure. Angalia na katikati yake, ukikuta uchafu wenye mafuta ujue yameshavuja.

Alafu chungulia mbele ya rejeta. Wewe unakaa na dagaa kutwa nzima pale mwaloni, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi jioni unapita katikati yao, wanajazana kwenye yale mapezi ya rejeta, wanakauka, vumbi la Misungwi linakuja juu yake, inakuwa kama umepiga lipu. Nimeshafungua Land Rover moja hapo nikatoa uchafu nusu ndoo, mwenye gari alikuwa ameshanunua rejeta mpya iko kwenye buti! Osha kwa maji ya kawaida ukitokea upande wa injini kwenda mbele, na wale vijana wa kuoshea magari usiwape ile mashine ya presha waisogeze karibu, mapezi yanalala na hapo ndo umemaliza kazi.

Sasa kama klachi imekufa kweli na umeamua umeme, mi sikatazi, hata yangu ina feni ya umeme mwaka wa ngapi sijui. Kuna raha yake. Injini inapata moto mapema asubuhi, na kipindi cha mvua ukivuka maji unaizima, maana feni ya injini ikipiga maji yale mapanga yanajikunja kwenda mbele yanakula rejeta. Ila ifungwe hivi. Nati ya ile feni ya zamani ni spana namba 32 na inafunguliwa kinyume, yaani unazungusha upande ambao nati nyingine ungekuwa unakaza, watu wanaing'ang'ania mpaka wanaharibu. Mkanda usiutoe, alteneta na pampu bado zinauhitaji. Feni mpya ikae upande wa injini ivute upepo kuja kwenye injini, uijaribu na kipande cha karatasi mbele ya rejeta, ikiikumbatia sawa, ikiitupa umefunga waya kinyume. Iwe na kava lake la kuziba pembeni, na itengenezewe fremu ya bapa yenye mpira. Zile kamba za plastiki za kupitisha katikati ya rejeta sizitaki, zinasugua mpaka bomba linatoboka.

Umeme wenyewe usiuchukulie kama wa redio. Feni moja ya nguvu inakula kama ampea 20, na alteneta ya hizo Tdi ni ya ampea 65 ikiwa inazunguka vizuri, kwenye sailensa, yaani injini inawaka gari imesimama, inatoa pungufu. Usiku una taa, una waipa, una redio ya bongo fleva kwa sauti ya mnada, lazima betri ilalamike. Kwaiyo waya mnene wa milimita 6 utoke betri, fyuzi ya 30 karibu kabisa na betri, rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), ndo uende kwenye feni. Kinachoiwasha rilei ni swichi ya joto, ile inayokaa kwenye njia ya maji, iwe inawasha kwenye nyuzi 92 au 95 hivi, maana themostati yako inafungua 88. Ukiweka inayowasha chini ya hapo feni haitapumzika. Swichi ya dashibodi weka ya kuzima ukivuka maji, na taa nyekundu ikukumbushe kwamba umezima.

Kwa nini naisema vibaya ile ya kuwasha mwenyewe? Kwa sababu mi nilifanya hivyohivyo. Kipindi kile daraja la Kigongo na Busisi bado, kabla halijafunguliwa 2025, tunapanga foleni ya kivuko. Niko na gari sailensa, nimeshuka nakula mahindi ya kuchoma nabishana na watu habari za Simba na Yanga, swichi sijawasha. Kilichonishtua ni mvuke. Hedi ya hizi injini, kile kichwa cha juu, ni alminiamu imekaa juu ya bloku ya chuma, ikipata moto wa hivyo inapinda, na yangu ilipinda. Mahindi ya shilingi mia tano yakanigharimu hedi.

Na geji usiiamini sana, maji yakiisha kabisa kile kidude kinabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka, we unafurahi kumbe injini inaiva.

Nimeiacha hii ya mwisho kwa makusudi. Hiyo nusu lita inaenda wapi? Feni mbovu haili maji. Gari ikichemsha inaweza kutema kidogo, sawa, ila kila siku mbili ni mengi. Anza na kifuniko. Hapa Mwanza tuko kama mita 1,140 juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 tu, kifuniko kizima cha presha ya psi 15 ndo kinayapeleka mpaka 118 hivi kabla hayajachemka, springi ikilegea unarudi kwenye sufuria. Alafu asubuhi injini ikiwa baridi kifungue, washa, angalia kwenye tenki la maji. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo, au ukikifunga hozi inakuwa ngumu ndani ya dakika moja, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeshaondoka, na feni usinunue kwanza.

Na themostati usiitoe. Kwenye injini nyingi ikitolewa, maji ya moto yanapata njia ya mkato, mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

SWALI: Kaka, nikiweka maji ya ziwa kwenye rejeta kuna ubaya? Niko kisiwani Ukerewe, kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, ni shida kupata. – Msomaji, Nansio

JIBU: Ukiwa umekwama weka, injini kuungua ni mbaya zaidi. Ila usiyaache humo, yana tope na vijani, na alminiamu na chuma vikikaa kwenye maji matupu vinalana. Kinga mvua, ile ya baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, chuja kwa kitambaa, na ukija mjini chukua kulanti galoni moja uchanganye nusu kwa nusu. Ukimaliza kujaza toa hewa kwenye ile nati ya juu, la sivyo utarudi kuniuliza kwa nini inachemsha na maji yamejaa.