Saa Nyekundu Kwenye Kona ya Skrini

Nimefanya kazi ya huduma kwa wateja Dar es Salaam kwa miaka sita. Mitatu ya mwanzo tuliandika malalamiko kwenye madaftari, mitatu iliyofuata tukawekewa mfumo wa kidijitali wa kusimamia wateja. Kama ofisini kwenu ndiyo kwanza mmeletewa, haya yangu huenda yakakufaa.

Mfumo ulituondolea adha kubwa. Zamani mteja akipiga unamuuliza, "Jana uliongea na nani?" Hajui, nawe daftari liko kabatini kwa mwenzako aliyekwenda likizo. Siku hizi namba ikiingia tu, historia yake yote iko mbele yako. Hilo peke yake lilitupumzisha vichwa.

Kilichokuja kutuumiza ni saa ndogo kwenye kona ya skrini. Simu ikiingia inakuwa ya kijani, dakika ya tatu inageuka njano, ya nne nyekundu. Rangi hizo zilionekana pia kwenye televisheni ya ukutani, kila mmoja na jina lake, na jioni wastani wako wa dakika kwa kila simu unasomwa mbele ya wote.

Asubuhi moja alipiga mama wa Mbagala. Alikuwa ametuma shilingi 85,000, ada ya mtoto, akakosea tarakimu ya mwisho ya namba ya mpokeaji. "Mwanangu, nisubiri nichukue miwani nikusomee huo ujumbe." Nikamsikia akivuta droo, akimwita mtoto amtafutie. Saa ikawa nyekundu. Aliporudi nilimwambia kwa haraka afuate maelekezo kwenye meseji, nikafunga tiketi, yaani kumbukumbu ya lalamiko lake kwenye mfumo, kwa maneno mawili: "Mteja ameelekezwa."

Saa tisa mchana simu yake ikaniangukia tena. Skrini ilionyesha hiyo ilikuwa mara ya nne, na wenzangu wawili waliompokea katikati nao walikuwa wameandika yaleyale: "Mteja ameelekezwa." Fedha zilikuwa zimeshatolewa na aliyezipokea. Jioni wastani wetu sote watatu ulisomwa kuwa mzuri. Usiku huo sikulala.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba kazi huchosha zaidi pale mzigo unapokuwa mkubwa huku mfanyakazi hana uamuzi juu ya namna ya kuubeba. Ndivyo tulivyokuwa. Simu nyingi tulizizoea tangu enzi za daftari. Tulichonyang'anywa ni ruhusa ya kumsubiri mtu avae miwani.

Kwa hiyo nakushauri usifunge tiketi ambayo wewe mwenyewe unajua haijaisha. Andika maelezo ambayo mwenzako akiyasoma hatahitaji kumwuliza mteja upya. Yatakula sekunde 40, lakini simu ya pili, ambayo ndiyo huja na hasira, mara nyingi haitakuja.

Bonyeza kitufe cha mapumziko bila woga. Kwetu watu walibana haja ndogo wakiogopa dakika zao zisionekane ukutani, na hilo ni kosa lililovumiliwa muda mrefu mno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60 kwa siku. Ni haki yako, hukukopeshwa.

Nawe msimamizi, nakuomba sana: kabla hujasoma wastani wa dakika, fungua orodha ya wateja waliopiga zaidi ya mara moja kwa jambo lilelile. Mifumo mingi inaweza kuitoa. Sisi tulimpelekea msimamizi wetu historia ya yule mama, tiketi baada ya tiketi, bila kelele. Aliisoma akiwa amesimama, akanyamaza. Wiki iliyofuata televisheni ilizimwa, na simu za kurudia zikaingizwa kwenye ripoti ya kila Ijumaa. Wastani wangu wa dakika ulipanda, wateja wanaofoka wakapungua, nami nikaanza kula chakula cha mchana nikiwa nimekaa.

Jana nilifunga zamu na tiketi hii: "Mzee hasomi maandishi madogo. Namba ya muamala nimeithibitisha naye. Ombi la kuzuia fedha limetumwa saa 4:12 asubuhi. Akipiga tena msimwulize upya, mwambieni limefikia wapi."