Mana, Uttarakhand: watu wangapi, na unafikaje

Mana, kijiji cha milimani kaskazini mwa India, kilikuwa na watu 1,214 kwa sensa ya India ya 2011. Ile ya 2021 iliahirishwa kwa ajili ya korona, ndiyo maana kila mtu bado anataja hiyo ya zamani. Ila usiichukue kama idadi ya mwaka mzima. Vijiji vya theluji vya huko vilihesabiwa mapema, Septemba 2010, wenyeji wakiwa bado juu. Wabhotia, yaani wenyeji wa Mana, hushuka mabonde ya chini baridi ikikaza, hekalu la Kihindu la Badrinath lililo jirani linapofungwa Novemba, na hurudi Aprili au Mei. Ukienda Januari utakuta milango ina kufuli.

Treni haifiki, sahau. Unashukia Rishikesh, karibu kilomita 300 chini. Kutoka hapo ni barabara kuu ya NH 7, ile inayoanzia Fazilka kule Punjab na kuishia Mana penyewe. Basi au jipu mpaka Badrinath, kisha kilomita 3 zilizobaki teksi au miguu. Msimu wa mvua weka siku ya akiba, maana mlima ukiporomoka unalala njiani.