Karatasi hiyo usiisaini

Mwanangu,

Pole tena na maumivu. Umeuliza kama utie saini karatasi aliyokuletea ofisa wa kampuni hapo kwa shangazi yako Temeke, upewe laki nane na "madai yote yaishe". Usitie. Mwambie baba anataka kuisoma kwanza. Lawama nitabeba mimi.

Fidia ya aliyeumia kazini si hisani ya bosi. Iko kwenye sheria ya mwaka 2008, na analipa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango hutoa mwajiri peke yake, kwenye mshahara wako haikatwi hata senti. Tena Mfuko hauanzi kwa kutafuta mzembe. Nyapara akisema uliteleza mwenyewe, mwache aseme. Sitaha ya tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, ikimwagika grisi, nani hatelezi?

Kinachonikera ni kadi ya hospitali. Kwenye picha uliyonitumia naona "ameanguka, bega la kulia". Basi! Kaanguka wapi, kwenye mnazi? Rudi kwa daktari, umwombe kwa adabu aongeze kwamba ulikuwa zamu, juu ya tishari, nje ya Chongoleani, mnafungua mzigo. Bila maneno hayo, kesho watasema uliumia ukicheza mpira.

Mwajiri akishapata habari ana siku 7 kuipeleka kwenye Mfuko. Mwombe nakala ya taarifa hiyo. Akipiga chenga, nenda ofisi ya Mfuko mwenyewe na kadi yako. Usilale, maana ukivuka miezi 12 bila taarifa, haki inapotea.

Wale wenzako wawili wa zamu, chukua majina na namba zao leo. Enzi zetu hapa Tanga meli zilitia nanga mbali, tukishusha mizigo kwa matishari. Mtu akivunjika kidole, mwisho wa mwezi walioona wameshahamia Mtwara au Mombasa, na mgonjwa amebaki na hadithi yake.

Ukiwa hujiwezi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara, mpaka miezi 24. Bega likibaki na ulemavu, madaktari watapima kwa asilimia: haizidi 30, unapewa mkupuo mmoja, ikizidi, pensheni ya kila mwezi. Sasa hiyo laki nane wamepimia nini, na bega bado limefungwa bandeji?

Wakikufukuza kwa sababu ya kudai, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Sidhani watafika huko, ila ujue.

ED zote, yaani karatasi za ruhusa ya kutokwenda kazini alizokuandikia daktari, zipige picha unitumie, na mkataba wako pia, kurasa zote, hata ile yenye mhuri tu. Ofisa akirudi, mwombe akuachie karatasi yake uisome. Akikataa kuiacha, niambie usiku huohuo.

Baba yako, Ngamiani